Chupa Iliyogoma Kwenye Kaunta

Dirisha la dawa lilipofunguliwa asubuhi, mtoa dawa alitikisa chupa ya dawa ya kifua, akabandika maelezo, akaiweka mbele ya fundi cherehani aliyembeba mwanawe mgongoni.

"Mililita nane asubuhi, nane jioni, mama. Usikatishe hata akipata nafuu."

Fundi cherehani akaishika chupa. Haikunyanyuka. Akajaribu kwa mikono miwili. Ikabaki palepale kama iliyoota mizizi. Akaitwa mlinzi, mtu wa miraba minne. Akavuta, akahema, akajifuta jasho, akarudi getini.

"Hiyo haitaki kwenda," alisema bibi mmoja kwenye foleni. "Hebu ipigie hesabu upya, mwanangu, wenzio miguu inatuuma."

Mtoa dawa akapiga. Cheti kilisema mtoto ana kilo kumi na sita. Kila kilo ilihitaji miligramu ishirini na tano, jumla mia nne; na kila mililita tano za dawa zilikuwa na miligramu mia mbili na hamsini. Mililita nane. Akarudia, jibu likawa lilelile. Hesabu haikuwa na doa. Ndipo akamtazama mtoto mwenyewe. Shingo ilikuwa nyembamba, na kikohozi kilimtikisa mwili mzima.

"Walimpima lini huyu?"

"Hawajampima, dada. Mizani imekufa. Daktari aliniuliza umri, akaandika."

Daktari hakuwa mzembe. Wagonjwa walimzidi, na mizani alikuwa ameiomba hadi ulimi ukaota sugu. Mtoa dawa aliyajua hayo. Hata hivyo, alizifikiria chupa zote zilizokwisha kunyanyuka siku za nyuma.

"Twende," alisema.

Wakavuka barabara hadi kwa muuza nafaka. Mzee yule akashusha gunia la maharage kwenye mizani, akapangusa vumbi, akatandika kitambaa, akampokea mtoto.

"Kumi," akasema. "Kumi kavu. Babu, wewe hata debe hulijazi!"

Kilo kumi zilitaka miligramu mia mbili na hamsini, yaani mililita tano tu. Waliporudi, daktari aliusoma uzito mpya, akakata namba ya zamani na kutia saini.

"Ahsante," alisema. "Na wengine watakaogomewa wapelekeni hukohuko."

Maelezo mapya yalipobandikwa, fundi cherehani aliinyanyua chupa kwa vidole viwili, akaitia kwenye mkoba.

"Haya, anayefuata," alisema bibi.

Tangu siku hiyo chupa ziligoma mara kwa mara, na kila iliyogoma ilikuwa ya mtoto aliyekadiriwa uzito kwa umri. Habari zikawafikia wakubwa. Wakaketi kikao kirefu, wakaona kasoro ni kaunta. Ikang'olewa, ikaletwa nyingine ya marumaru, laini, inayong'aa. Mizani haikutajwa. Chupa zikagoma juu ya marumaru vilevile.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema bibi, akiupapasa ubaridi wa kaunta. "Lakini ni nzuri. Inasafishika."

Kina mama wakaacha kungoja. Wakawa wanaanzia kwa muuza nafaka, kisha kwa daktari, kisha dirishani, na chupa zikawa nyepesi. Fundi cherehani naye alirudi kwa muuza nafaka, kikohozi cha mwanawe kimekwisha, mtoto akitembea mbele yake na kugusa kila gunia. Hakuja kutafuta dawa. Alitaka tu kujua mtoto amefikia kilo ngapi.

Mtoa dawa, aliyekuwa amevuka na mama mwingine, akampandisha mtoto kwenye mizani kwa mikono yake. Chuma kilikuwa cha baridi. Mtoto akaangua kicheko, mshale ukacheza huku na huko, ukakataa kusoma chochote.

"Tulia, babu," alisema muuza nafaka.

Hakutulia. Foleni yote ikasubiri amalize kucheka.