Sikio la Kapteni Matonya

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi, bamba la shaba lenye ukubwa wa daftari lilikuwa mezani kwa Anyesi, mjane wa Kapteni Matonya, huko Makutupora. Lilichongwa sura ya ofisa wa jeshi mwenye kofia, nyota tatu kila bega na nishani kifuani. Ndewe ya sikio lake la kulia ilikuwa imechanika.

Lilitumwa na watoto wa Castory, mchongaji aliyekuwa kikosi kimoja na Kapteni. Walilikuta sandukuni baada ya baba yao kufariki, bila maelezo yoyote. Kapteni mwenyewe alikufa vitani mwaka 1979, na picha zake zote ziliishia kwa mchwa. Binti yake, Priska, alizaliwa miezi mitatu baadaye. Hajawahi kuiona sura ya baba yake.

"Ni kaka," alisema Stanley, mdogo wa marehemu. "Nyota tatu, ndewe iliyochanwa na ndama. Unataka nini tena, shemeji?"

"Namtaka mume wangu. Ndama alimchana sikio la kushoto."

"Miaka arobaini na sita! Umesahau."

"Sikio lile nililivuta kila alipochelewa kurudi, shemeji. Naweza kusahau jina lako, si sikio lile. Simpi mwanangu baba wa watu."

Edina, binti wa Priska, anasoma sanaa chuoni Chimwaga. Tangu alipowaamkia alikuwa akilichunguza bamba.

"Babu, jeshini nishani huvaliwa upande gani?"

"Kushoto. Hata mgambo anajua."

"Hapa ziko kulia. Na koti limefungwa kike."

Stanley aliinama kutazama. "Castory alikuwa amelewa?"

"Hapana. Hili ni bamba la kuchapia. Picha yenyewe ni ile itakayotoka kwenye karatasi. Alichonga kila kitu kinyume ili kikichapwa kikae sawa."

"Usinibembeleze, mjukuu wangu," alisema Anyesi.

"Sikubembelezi, bibi. Tujaribu."

Edina alikwangua masizi ya sufuria, akayakoroga na mafuta ya alizeti, akayapaka hadi yakaingia kwenye mistari. Akafuta yaliyobaki juu, akalaza karatasi yenye unyevu, akaikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Ya kwanza ilitoka madoa matupu.

"Paka aliyenyeshewa," alisema Stanley.

Kwa ya pili aliloweka karatasi kwa muda mrefu zaidi na kukandamiza kuanzia katikati. Aliibandua saa tano na dakika arobaini. Nishani zilikuwa kushoto. Koti lilifungwa kiume. Sikio lililochanika lilikuwa la kushoto.

Anyesi aliligusa sikio hilo, kidole kikatoka na masizi.

"Mbukwa," alimsalimu kwa Kigogo. "Umenigombanisha na mdogo wako."

"Basi uniombe radhi," alisema Stanley.

"Wewe? Uliyeridhika na sikio lolote?"

Stanley alicheka mpaka akakohoa.

Saa sita kasoro dakika tano Anyesi alimpigia simu Priska, aliyekuwa akipima mahindi sokoni Kibaigwa. "Funga biashara uje," alimwambia. "Baba yako amefika."

Priska aliingia saa tisa na nusu, na vumbi la mahindi mikononi. Alinawa kwanza, ndipo akaipokea karatasi.