Vumbi, Unaniletea Nani?

Siku za mavuno, vumbi huamka kabla ya watu. Linapanda kutoka tambarare ya ngano, linausogelea Mlima Hanang' taratibu, linauzunguka kiunoni, kisha linashuka na kulala juu ya kila kitu: juu ya mapaa, juu ya kope za ng'ombe, juu ya nguo zilizoanikwa na wenye matumaini.

Hilaria alilipenda vumbi hilo. Wenzake wa Nangwa walilitukana, wakafunga madirisha, wakafunika mitungi. Yeye alisimama mlangoni, mkono juu ya macho, akalisoma. Vumbi la kombaini zinazovuna shamba la serikali lilikuwa pana na zito, lilikwenda na kurudi bila kufika popote. Vumbi la ng'ombe lilitambaa chini. Lakini vumbi la basi la kutoka Haydom lilikuwa refu, lenye haraka, na ndani yake hamkosekani mtu. Hapo ndipo Hilaria alipouliza kwa sauti, kama anayeongea na jirani: Vumbi, unaniletea nani?

Kwa miaka mingi alitaka jibu moja tu. Alitaka Verediana.

Ee Bashay, Bashay ya miteremko na ukungu, wewe uliwalea wawili hawa! Uliwanywesha uji wa mtama kutoka bakuli moja, uliwanyeshea mvua chini ya gunia moja, uliwapa ndama wa kuchunga na wao wakachunga zaidi maongezi. Wewe Bashay unaikumbuka kengele. Ila hujui nani aliipiga, na usiulize.

Basi nitasema. Siku hiyo, baada ya mafundisho ya dini, Verediana alipitiwa na usingizi nyuma ya benchi la mwisho, katekista akafunga kanisa akaenda zake. Binti alipoamka akaiona kamba ya kengele, akaivuta. Akaivuta kisawasawa! Watu wakaja mbio, wanaume na mikuki, kina mama na ndoo za maji, kila mmoja akiuliza nani amekufa, nini kinaungua. Mlango ulipofunguliwa wakamiminika ndani, na katikati ya vurugu Verediana akatoka nje akihema kama mmoja wa waliokuja kuokoa. Hilaria peke yake ndiye aliyejua, maana aliiona alama ya benchi kwenye shavu la rafiki yake. Akafunga mdomo, na urafiki wao ukaanza pale.

Wakakua, wakaolewa. Verediana alikwenda Haydom, akawa anauzia uji wagonjwa wanaoshuka kwenye mabasi kwenda hospitalini. Hilaria alikuja Nangwa. Siku ya kuagana Verediana hakulia, na maneno matamu hayakuwa kazi yake. Alikuja na ng'ombe mmoja wa rangi ya majivu, akamfunga zizini kwa Hilaria, akapangusa mikono, akasema, "Anaitwa Majivu. Anapenda chumvi."

Huko kwao, mtu akikupenda hana haja ya kukuambia. Anakuletea ng'ombe akae kwako. Maziwa unywe wewe, mbolea ni yako, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na kila asubuhi unapokamua unamkumbuka aliyekuletea. Katazo ni moja: ng'ombe wa rafiki hahamishwi kwenda nyumba ya tatu bila mwenyewe kujua. Ukimhamisha, mwenyewe atakuja na kamba, atamfungua ng'ombe wake, ataondoka naye. Hakuna kugombana, hakuna kikao. Urafiki umekwisha, na kila aliye barabarani anaiona hiyo kamba.

Hilaria alilijua katazo hilo kama anavyolijua jina lake. Shika hilo, msomaji, tuendelee.

Wakati huo mashamba ya serikali yalikuwa yameenea. Tambarare ambako Wabarbaig walikuwa wakichunga ilikuwa imelimwa mpaka macho yanapochoka, na pamoja na matrekta walikuja watu kutoka kila kona ya nchi: madereva, mafundi, makarani, wakakaa kwenye kambi ya nyumba za mabati chini ya mlima. Mmoja wa madereva wa kombaini, Felician wa Bukoba, alimleta mkewe Letisia. Na Letisia akaleta mgomba.

Mgomba, jamani! Chipukizi moja, limefungwa kwa gunia bichi, limepakatwa kama mtoto kutoka ziwani mpaka kwenye upepo wa Hanang'. Wanawake wa Nangwa walicheka mpaka wakakaa chini. Hilaria naye alicheka, tena sana. Ila alipopita kambini akamkuta yule binti amesimama mbele ya majani yaliyochanwachanwa na upepo, halii, anaviokota tu vipande na kuvikusanya kiganjani. Akaomba jembe. Wakauhamishia mgomba nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapotokea, pale ukuta unapouzuia upepo.

"Hapa utakubali," Hilaria alisema.

"Na mimi je, mama?"

"Na wewe utakubali. Mizizi yako imepigwa na jua tu, tutaifukia."

Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha shule na cha sokoni. Kimoja kilikuwa na milima ya Bashay ndani yake, kingine kilikuwa na ziwa. Waliongea hivyo hivyo, wakaelewana, na punde Hilaria akajikuta hapitishi siku bila kushuka kambini. Mgomba ukatoa jani jipya. Letisia akaja mbio mpaka Nangwa kumwambia.

Masika yakaja na fujo zake. Letisia alijifungua mtoto wa kiume, Yoakimu, kisha homa ikamlaza na maziwa yakamkauka. Mganga wa zahanati alisema wamtafutie mtoto maziwa ya ng'ombe, tena mabichi ya kuchemsha, asubuhi na jioni. Majivu alikuwa ndiyo kwanza amezaa ndama jike. Hilaria akabeba maziwa kwenye kibuyu, akashuka mlima mvuani, lakini udongo mweusi wa tambarare humshika mtu miguu kama mdai. Alifika amechelewa, au amefika na maziwa yamechacha, au amefika na nusu kibuyu na magoti yenye tope. Na kila alipompakata mtoto alimwona amekuwa mwepesi kuliko jana.

Barabara ya Haydom ilikuwa imekatika. Hapakuwa na basi, hapakuwa na mtu wa kutumwa. Hilaria alisimama zizini, mvua ikimwingia shingoni, akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa kwao angelifanya. Alimfungua Majivu. Ndama akafuata nyuma, na wote watatu wakateremka kwenda kambini.

Mtoto akanywa. Ee, akanywa! Akanenepa mpaka mikono ikawa na mikunjo. Na mama yake, kitandani, alisimuliwa na Hilaria habari za Bashay mpaka homa ikachoka kusikiliza.

Kiangazi kilipoingia barabara ikakauka na mabasi yakarudi. Hilaria angeweza kumtuma utingo kwa Verediana. Nitamwambia mwenyewe, alijisemea, mambo ya ng'ombe hayapitii dirisha la basi. Wiki ikapita, na nyingine, na kadiri alivyokaa kimya ndivyo kimya kilivyozidi kuwa kizito. Ngano ikaiva. Kombaini zikaanza kunguruma. Na Hilaria, aliyelipenda vumbi maisha yake yote, sasa akiliona linapanda barabarani anarudi ndani. Vumbi, alisema, usiniletee mtu leo.

Vumbi halikumsikiliza.

"Hilaria! Uko wapi, au mlima umekumeza?"

Nani mwingine ana sauti hiyo? Verediana aliingia na mafurushi yake, mwili mpana, kicheko kipana, akamkumbatia rafiki yake mpaka kilemba kikamvuka. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za wagonjwa, za wachumba waliowakataa zamani. Chai ikachemka, ikamiminwa. Verediana akaitazama, akaigeuza kikombeni, akaitazama tena. Ilikuwa chai ya rangi.

"Hilaria."

"Abee."

"Nyumba yenye Majivu inakunywa chai ya rangi?"

"Majivu... ametoka kidogo."

"Ametoka kwenda wapi? Ana semina?"

Hilaria alitaka kucheka ikashindikana. "Yuko kambini," akasema. "Yuko kwa rafiki yangu. Alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa..."

Hakumaliza. Verediana aliweka kikombe chini, akainuka, akaenda zizini. Akaitungua kamba kwenye mti wa zizi, akaitupia begani, akashika njia.

Tangu utotoni walitembea bega kwa bega. Siku hiyo Verediana alitangulia na Hilaria akafuata, katikati ya ngano ya dhahabu, huku kombaini zikila mistari yao na vumbi likiwafunika wote wawili bila kuuliza nani ana kosa. Hilaria aliitazama ile kamba ikicheza mgongoni kwa rafiki yake. Alimwona Majivu akirudishwa Haydom. Aliiona milango ya Nangwa ikifunguka watu watazame. Angeomba radhi, lakini pumzi ilikuwa ya kutembelea tu.

Nyuma ya nyumba ya Felician, karibu na mgomba, Letisia alikuwa akimkatia Majivu vipande vya shina la mgomba. Alipomwona mgeni mtu mzima alifanya kama walivyomfundisha kwao: alipiga magoti, hapo hapo kwenye samadi, kisu kikiwa bado mkononi.

"Shikamoo mama."

Verediana hakuwahi kupigiwa magoti na mtu. Aligeuka nyuma kutazama kama kuna askofu.

"Marahaba," alijibu. "Inuka, utajichafua. Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Si wangu, mama. Ni wa Verediana wa Haydom."

"Unamjua huyo Verediana?"

"Sijamwona kwa macho." Uso wa Letisia ukachanua. "Ila namjua! Ni yule aliyelala kanisani, akapiga kengele, watu wakaja na mikuki!"

Majivu alitafuna. Kombaini ilipita mbali. Hilaria alitamani ardhi ya serikali ifunguke immeze.

Verediana aligeuka polepole. "Ng'ombe wangu umempa," alisema, "na kengele yangu pia umempa."

"Nimempa," Hilaria alisema, na machozi yakamtoka. "Alikuwa analilia kwao, Verediana. Sikuwa na kitu kingine. Nilikuwa na wewe tu."

"Nilicheka siku ile," Letisia alisema, sasa ameelewa aliye mbele yake. "Tangu nifike huku sikuwa nimecheka. Nikamwomba anisimulie tena, na tena. Mama, kama ni kumchukua, mchukue. Lakini ukae kwanza unywe chai. Ina maziwa yako."

Verediana alimtazama mtoto aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka na mikunjo yake ya mikono. Alimtazama Majivu, mgongo unang'aa kuliko alivyomwacha. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha kicheko kikamshinda, kile cha Bashay, cha kushika mbavu na kutafuta ukuta. Alicheka mpaka akalia. Akakaa kwenye mkeka, akampakata Yoakimu.

"Alikuambia na lile la bata mzinga wa masista?" aliuliza.

"Hapana."

"Hawezi. Hilo ni la kwake. Leta chai nikusimulie."

"Verediana!" Hilaria alifoka, na ilikuwa sauti ya furaha.

Jua lilipoinama, Verediana alisimama akaichukua ile kamba. Hakuivisha shingoni kwa Majivu. Alimfunga ndama jike, akaiweka ncha ya kamba mkononi mwa Letisia, akamkunjia vidole juu yake.

"Majivu akae hapa mpaka mtoto atembee, kisha arudi kwa Hilaria, maana ile chai yake inatia aibu. Huyu ndama nimekuwekea wewe. Nimekuwekea mimi, na mwenyewe najua." Akamgeukia Hilaria. "Na wewe, siku nyingine uniambie. Ningemleta mwenyewe kwa mguu, na barabara ikatike itakavyo."

Alirudi Haydom na chipukizi la mgomba limefungwa kwa gunia bichi. Utingo alimcheka. Alimwambia ashike adabu.

Miaka ikaenda. Kombaini zikaanza kuchoka, moja moja, zikabaki zimeegeshwa kambini huku kuku wakitagia ndani yake, na vumbi la mavuno likapungua upana. Majivu alikwisharudi kwa Hilaria, mzee na mwenye kiburi. Yule ndama akawa mtamba. Asubuhi moja habari zikapanda mlimani kwamba mtamba wa Letisia amezaa.

Hilaria alisimama mlangoni, mkono juu ya macho. Vumbi la basi la Haydom likaonekana, refu, lenye haraka. Likafika njia panda ya kambi, likasimama, likaendelea kwenda Katesh bila kupanda kwake. Akasubiri. Chai ikachemka, akaiepua, akasubiri tena. Hatimaye, kwenye njia ya kutoka kambini, likaonekana vumbi dogo, la miguu, linapanda polepole na kusimama kila mara kama vumbi lenye maongezi.

Alisikia vicheko kabla hajaona nyuso. Safari hii Verediana alikuwa ameshukia kwa Letisia kwanza. Walipanda bega kwa bega, sufuria ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, imeshikwa huku na huku katikati yao, na neno "bata mzinga" likafika mlangoni likiwa zima.

Wivu ulimpitia Hilaria, usidhani haukumpitia. Ulikuwa mdogo, kama mchanga kwenye ugali. Kisha akajitazama akitabasamu peke yake kama mwehu, akavua ndala, akashuka kuwalaki, kwanza kwa mwendo wa mtu mzima, halafu mbio, akiinua vumbi lake mwenyewe mpaka kifuani.

Kutoka chini sauti pana ya Verediana ikapaa. "Wee vumbi! Unatuletea nani?"

"Mimi!" Hilaria aliitika, akikimbia. "Ni mimi!"