Kabichi Iliyooga Baharini

Homa ilipomtoka mshonaji, iliondoka na harufu zote za nyumba. Asubuhi aliyopata nafuu aliinamia sufuria ya maharage, akavuta pumzi, asisikie kitu. Mvuke ulimgusa uso, ukaenda zake. Ilikuwa kama kuitazama nyumba yake mwenyewe kupitia dirisha lililofungwa.

Hakumwambia mtu. Mchana alishona nguo za watu katika chumba cha mbele, jioni akaingia jikoni kupika kwa masikio. Vitunguu vikitiwa kwenye mafuta hupiga kelele, halafu hutulia taratibu kama watoto wanaopitiwa na usingizi. Hapo alijua vimeiva. Wali ukikaribia kukauka hunong'ona. Viazi alivijua kwa ncha ya kisu. Mikono ilitembea yenyewe, naye akawa kama mtu anayejiota anapika.

Ila chumvi haina sauti.

Mumewe, seremala, alikula akanywa maji, akala tena akanywa maji. "Chakula kitamu, mke wangu," alisema, huku akivuta jagi upande wake. Binti yao alimtazama baba, akatazama sahani, akasogeza kikombe chake karibu na jagi.

Mama mkwe naye alikuwa akiishi chumba cha nyuma tangu afiwe na mumewe. Yeye na mshonaji hawakuwa na ugomvi, wala hawakuwa na mazungumzo. Shikamoo, marahaba, basi. Kila mmoja na lake. Lakini jioni moja aliingia jikoni, akachota kijiko cha kabichi iliyokuwa motoni, akafumba macho.

"Mwanangu, kabichi hii imeoga baharini?"

Mshonaji akacheka. Kicheko kikageuka, machozi yakamtoka.

"Mama, sisikii harufu. Sisikii ladha. Tangu ile homa."

"Na ukakaa nalo peke yako?" Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na kabichi!"

Akavuta kigoda, akaketi karibu na jiko. "Haya. Wewe ndiye mikono, mimi ndiye ulimi. Ongeza maji hapo. Tena. Basi, inatosha."

Tangu siku hiyo walipika pamoja. Mama mkwe alionja, na mshonaji aliuliza alichokikosa.

"Karoti inanukiaje, Mama?"

"Kama mikono ya baba mkwe wako akitoka bustanini."

"Na kitunguu saumu?"

"Kama shangazi mgomvi mwenye moyo mzuri. Anakaripia mlangoni, kumbe ameleta zawadi."

Mshonaji alifumba macho akakoroga, na watu hao wakaingia jikoni mmoja mmoja, wakajipanga ukutani. Baba mkwe alikuwa amefariki kabla mshonaji hajaolewa, hivyo hakuwahi kumwona uso kwa uso. Sasa alimjua hata mwendo wake.

Alasiri moja mvua ilikuwa ikinyesha. Mama mkwe alisimulia jinsi alivyokuwa bi harusi asiyejua hata kuchemsha yai, wakacheka hadi wakasahau jiko. Ghafla mshonaji akainua kichwa.

"Mama. Kitu kinaungua."

"Umeona moshi?"

"Sijaona. Nimesikia harufu."

Wakatazamana. Sufuria ya wali ilikuwa ikitoa moshi mweusi pembeni, na hakuna aliyeikimbilia. Mshonaji aliisogelea polepole, akauvuta moshi ule mchungu kana kwamba ni waridi, akakohoa, akavuta tena.

Seremala alirudi akakuta madirisha wazi, sufuria imeloekwa, mkewe na mama yake wamekumbatiana. "Kuna nini?"

"Wali umeungua," mama yake akamjibu huku akifuta macho. "Kata mkate, nitakaanga mayai na nyanya."

Harufu nyingine zilirudi moja moja, kama wageni wasio na haraka. Ya maziwa haijarudi mpaka leo. Mshonaji akitaka kujua kama yamechacha, humwita mama mkwe, naye huja kutoka chumba cha nyuma na hadithi mpya.