Simu Kwenye Stendi ya Dripu

Mtoto alikuwa anahema juu juu. Daktari bingwa wa watoto alikuwa mji mwingine, kwa video ndani ya simu ya wodi, na simu ilikuwa mikononi mwa mama.

"Mama, nataka kuhesabu anavyopumua, ila picha inacheza."

"Ni mikono, daktari. Haisikii."

Nesi alikuwa amemshika mtoto, hakukuwa na mwingine wa kumpokea mama simu. Mama akavua kilemba, akaifunga simu kwenye stendi ya dripu, fundo juu ya fundo.

"Hapo hapo. Tunyamaze dakika moja."

Dakika ile ilikataa kwisha. Mbavu za mwanawe zilizama, zikainuka, zikazama.

"Sabini na mbili. Nesi, oksijeni sasa hivi. Mimi sikati simu."

Mikono mitupu ya mama ikaushika unyayo mdogo wa mwanawe.