Maziwa Yaliyokataa Kuganda

"Ng'ombe wangu hajui sindano, hajui kidonge, na hata kukohoa hajafundishwa!"

Hayo aliyatangaza Ezron wa Ikuti Jumatatu asubuhi, amesimama juu ya kreti tupu la soda, kidole hewani kama mgombea ubunge. Usimlaumu sana. Mwaka ule kila mtu nchini alikuwa anajifunza kugombea kitu, na yeye alikuwa anagombea sifa.

Sababu ya kutamba ilikuwepo. Bi Rehana, mwenye hoteli pale Msasani ya Tukuyu mjini, alikuwa amewaagiza wafugaji wa Ikuti mtindi wa harusi ya binti yake. Lita sitini, Jumapili, bila kukosa! Kikundi kizima kilikuwa na ng'ombe saba, na tangu kianzishwe kilikuwa kinauza maziwa kikombe kikombe, mara kwa mwalimu, mara kwa wachuma chai wanaopita. Sasa lita sitini kwa mpigo! Na Bi Rehana alikuwa ameongeza neno lililowanyima watu usingizi: mtindi ukimridhisha, hoteli itachukua kila wiki.

"Madamu peke yake atatoa lita kumi," Ezron akaendelea. "Ninyi wengine jazieni jazieni tu."

Madamu ndiye ng'ombe wake, chotara mweusi mwenye mabaka meupe, mwenye kutembea kana kwamba anakwenda kukagua gwaride. Ezron hakumnunua. Kikundi kilimkopesha kwa masharti: ndama jike wa kwanza atakwenda kwa mwanachama anayefuata kwenye foleni. Na lilikuwepo sharti jingine, lile la kutisha. Ng'ombe akitibiwa, mwenyewe aseme mbele ya wenzake, na maziwa yamwagwe mpaka dawa iishe mwilini. Atakayeficha, ng'ombe anahamishwa siku hiyohiyo.

Anahamia kwa nani? Kwa Ambindwile, wa kwanza kwenye foleni, ambaye hakusubiri kuhamishiwa ndipo ajenge. Banda lake lilikuwa tayari na hori la mbao mpya. Kila jioni alipita kwa Ezron kumwamkia ng'ombe.

"Hajambo mchumba wangu?"

"Mchumba wako yupi? Huyu ana mume."

"Mume mwenyewe mwembamba hivyo! Siku ukiteleza tu, ndugu yangu, mimi nipo na kamba mkononi."

Basi Jumanne alfajiri Ezron akachuchumaa kukamua, na Madamu akamrushia teke ambalo lingemfikisha Tukuyu mjini bila nauli. Chuchu moja ya nyuma ilikuwa imevimba, ina moto, na maziwa yake yalitoka na mabonge kama uji uliochemshwa na bwana harusi. Ugonjwa wa kiwele! Siku moja tu baada ya hotuba!

Saa mbili alikuwa Msasani, dukani kwa Farhan. Tangu biashara ifunguliwe, dawa za mifugo ambazo zamani zilikaa kwenye kabati la serikali lenye kufuli zilipangwa rafuni kati ya sabuni na betri za redio. Farhan alimpa tyubu nne nyekundu za kusukumia dawa ndani ya chuchu.

"Sikiliza, kaka. Moja asubuhi, moja jioni, siku mbili, zote nne. Na maziwa unamwaga mpaka siku tatu zipite baada ya ile ya mwisho. Usije ukaniletea kesi."

"Kesi ya nini? Mimi si mtoto."

Akasukuma moja palepale aliporudi, na nyingine jioni. Jumatano asubuhi, muujiza! Kiwele kimepoa, maziwa meupe pe, Madamu anacheua kwa raha zake. Ezron akaziangalia tyubu mbili zilizobaki. Mgonjwa amepona, dawa ya nini tena? Na maziwa ya kumwaga siku tatu atayaficha wapi, wakati Ikuti nzima inajua amejigamba lita kumi? Akazifutika tyubu kwenye nyasi za paa, akabeba dumu lake huku anapiga mluzi, na jioni ile akalimimina kwenye pipa la kikundi pamoja na ya wenzake. Ikupa, mwenyekiti, akatia mtindi wa zamani wa kugandishia, wakaimba, pipa likafunikwa.

Alhamisi jioni kiwele kikawaka tena. Safari hii kwa hasira. Ezron akarukia paa, akasukuma tyubu zote mbili kwa pamoja, akangoja ule muujiza. Haukuja. Kiwele kilibaki kigumu kama jiwe la kusagia. Akafuta chuchu kwa kitambaa chake, akakitupia begani, akaenda kwa jirani yake, Bibi Atupakisye, ambaye vidole vilikuwa vimekakamaa kwa uzee. Kila jioni Ezron alimkamulia bibi huyo ng'ombe wake wa kienyeji. Akatumia mikono ileile na kitambaa kilekile, mawazo yakiwa kwenye lile pipa.

Ijumaa asubuhi watu walijaa uani kwa Ikupa kama siku ya mnada. Kila mtu alikuja na dumu la maziwa mapya, maana pipa la pili lilikuwa linaanza kujazwa. Watoto walikuja kulamba, wanawake walikuja na vigelegele. Ikupa akafunua pipa, akachota kwa kata, akainua juu ili wote waone ule uzito.

Maziwa yakatiririka kama maji ya mto Kiwira.

Akachota tena. Yakatiririka tena. Usiku wa pili umepita, na maziwa bado maziwa!

"Uchawi," akasema mmoja.

"Mtu ametuonea wivu!"

"Nani huyo? Asiye na ng'ombe ni mmoja tu hapa!" Macho yote yakamwangukia Ambindwile.

"Mimi?" Ambindwile akaruka. "Mimi niloge maziwa ya mchumba wangu?"

Kelele zilikuwa zimefika barabarani pikipiki ilipoingia uani. Alikuwa bwana mifugo wa kata. Bwana mifugo huyu alikuwa mwanamke, jina lake Tusekile, lakini watu walikuwa wameshazoea kumwita bwana na yeye alikuwa ameshachoka kuwasahihisha. Akanusa pipa, akaonja, akatema.

"Hakuna mchawi. Humu mna dawa."

"Sumu?" Ikupa akashika kifua.

"Dawa ya ng'ombe. Maziwa yanagandishwa na vijidudu vyema, hivi mnavyoviweka kwa kijiko cha mtindi wa zamani. Dawa ya kuua vijidudu haiulizi nani mwema nani mbaya, inafyeka wote. Mtu mmoja kati yenu ametibu ng'ombe akanyamaza. Na dumu moja linatosha kuharibu pipa."

Ezron alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa kuliko wote. "Kuna watu wabaya dunia hii."

"Aseme mwenyewe sasa hivi," Tusekile akaendelea. "Ng'ombe nitamtibu, na sharti lenu nitawaombea mlilegeze. Si maziwa tu yananiuma. Mwenye kuficha hivi, nina hakika dozi hakumaliza. Ukitoa dawa nusu wanakufa wale vijidudu legelege, wanabaki wababe. Wababe wanazaa wababe wenzao, na ukirudi na dawa ileile wanaiogelea. Halafu wanapanda mikono ya mkamuaji, wanahamia kwa jirani. Nikijua dawa iliyotumika, nitajua ipi nisihangaike nayo. Haya, nani?"

Jamani, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ezron aliuona. Ulimi uliinuka, ukafika kwenye meno. Kisha akamwona Ambindwile pembeni, na kamba begani, kamba kweli kweli, mpya. Ulimi ukarudi kulala.

"Sawa," Tusekile akasema. "Hakuna kumimina kwenye pipa. Kila dumu libaki na jina lake."

Akachota glasi moja kutoka kila dumu, saba zote, akabandika majina, akatia kila moja kijiko cha mtindi wa zamani, akazipanga jikoni kwa Ikupa karibu na mafiga. Madumu nayo yakatiwa mtindi. Kesho asubuhi wataangalia. Yatakayoganda yatakwenda harusini. Ambalo halitaganda limemtaja mwenyewe. Ambindwile akajitolea kulinda glasi bila kuombwa, akaketi kwenye kigoda, mikono kifuani, kama askari wa benki.

Ezron alirudi nyumbani mbio kama anafukuzwa na nyuki. Kumwona Madamu akivutwa kwa kamba ile! Akafikiri, akazunguka banda mara tatu, na ghafla akakumbuka kitu alichokiona jikoni kwa mama yake utotoni: tone la limao kwenye maziwa. Akaangua kicheko peke yake. Kumbe shule ilimpotezea muda, jiko ndilo chuo! Akaruka uzio.

"Bibi, naomba malimao mawili. Koo limekauka na Jumapili naimba kwaya."

"Chuma, mjukuu wangu, chuma. Mawili tu?"

"Yanatosha, bibi. Ndaga fijo, asante sana!"

Kumwondoa askari wa benki haikuwa kazi. Alimpigia kelele tokea barabarani: "Gwe Ambindwile! Nguruwe wameingia kwenye lile banda lako, wanatafuna hori!" Ambindwile alipita mlangoni bila kugusa kizingiti. Ezron akaingia, akakamua limao la kwanza kwenye glasi yenye jina lake, akaona halitoshi, akakamua la pili, akakoroga kwa kidole. Loo! Maziwa yakajikunyata palepale mbele ya macho yake! Uzuri ulioje! Angetulia hapo, akaenda zake kulala, labda leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini furaha ya Ezron haijawahi kukaa kimya.

"Yameganda! Jamani, yameganda! Njooni muone ng'ombe wa mwanaume!"

Watu wakaja mbio, Ikupa mbele, Ambindwile nyuma akihema, hajaona nguruwe hata mmoja. Kweli! Glasi ya Ezron imeshikana mabonge mabonge. Vigelegele vikapigwa. Mtu akambeba Ezron juujuu, naye akapunga mkono kushoto na kulia.

"Niliwaambia! Madamu hajui sindano!"

Tusekile akatoka kula, akaingia jikoni, akaitazama glasi ya Ezron. Akazitazama zile sita. Zote bado maziwa tupu.

"Saa ngapi hizi?"

"Saa saba kasoro," Ikupa akajibu.

"Nilitia saa nne. Mtindi gani unaganda kwa saa tatu katika baridi hii ya Rungwe?" Akaiinamisha glasi. Maji ya kijani yakajitenga upande mmoja, mabonge upande wa pili. "Haya hayakuganda, Ezron. Haya yamekatika. Umetia nini?"

"Mimi? Nitie nini, bwana mifugo? Huyu ng'ombe ana nguvu zake. Kama kuna mtu aliyeniona nimetia kitu, basi ajitokeze, aseme mbele ya watu wote!"

Akatazama huku na huku, kidevu juu. Ambindwile alimung'unya midomo tu, maana alikuwa kwenye nguruwe. Ezron akaanza kutabasamu.

"Hodi humu ndani!"

Bibi Atupakisye akaingia polepole na fimbo yake, upindo wa kanga umejaa.

"Ugonile, bibi," watu wakamwamkia.

"Ee, ndaga. Namtafuta huyu mwimbaji. Gwe Ezron, malimao mawili hayaponyi koo, mjukuu wangu, nimekuletea mengine sita." Akayamimina mezani, yakabingirika katikati ya zile glasi. "Na yule ng'ombe wangu, tangu ulipomkamua jana, kiwele kimevimba, kina moto. Twende ukamtie na yeye ile dawa uliyomtia Madamu."

Tusekile akavuta kigoda, akamketisha bibi kwa heshima zote.

"Dawa gani, bibi yangu?"

"Bibi haoni vizuri siku hizi," Ezron akawahi. "Macho yake—"

"Macho yangu yana nini? Nilikuwa nachuma mboga pale uziani." Bibi akamgeukia Tusekile, anafurahi kuulizwa. "Ni vile vitubu vyekundu, mwanangu. Jumanne alitia kimoja asubuhi, kimoja jioni. Viwili akavificha kwenye paa, jana akavitia vyote pamoja. Nilishangaa sana mbona maziwa hayamwagi."

Ambindwile akaishusha kamba begani, akatoka kwenda kumchukua mchumba wake.