Kifo cha Tano cha Bi Lian

"Safari hii unakufa na nini, Bi Lian?" aliuliza Mzee Ngo, mwandishi wa barua wa kijiji, akisugua wino juu ya kijiwe bila hata kuinua macho.

Bi Lian alivuta kigoda akaketi, kapu la viazi vitamu miguuni. Kifua alishakitumia. Ini alishalitumia. Mwaka juzi alitumbukia kisimani, kwenye barua tu, na mwaka jana alitapika damu siku tatu, wiki ile ile aliyomfukuza bata wake aliyetoroka mpaka akamkamata. Kila mara mwanawe Siu Bok alijibu kutoka Manila kwa adabu zote: mizizi ya dawa ndani ya karatasi nyekundu, na neno lile lile, "Mwakani, Mama." Mwakani hizo zilishatimia kumi na mbili. Mwana alipanda meli ana ndevu tatu kidevuni. Sasa mama alikuwa akiuokoteza uso wake kichwani vipande vipande.

"Niue vizuri, Mzee Ngo. Siku zote unaniua nusu nusu."

"Ukifa kabisa nani ataniletea viazi?"

"Karibu na kabisa. Mwanangu akisoma aone mguu mmoja umeshaingia kaburini."

Mzee Ngo alijikuna kichwa kwa mpini wa brashi. "Tuseme huna hata jeneza."

Bi Lian alijipiga kofi la paja. Hapo ndipo penyewe! Kijijini kwao mama wa umri wake hukaa na jeneza lake tayari darini, limepakwa rangi likang'aa, na anayelileta ni mwanawe wa kwanza. Mama asiye na jeneza ni fedheha ya mwana, hata mwana akiwa ng'ambo ya bahari.

"Andika hivyo hivyo. Mama amezidiwa, na jeneza hana."

Basi hila ikamzidi mwenye hila. Maana kwao msiba hauandikwi wazi kwa mtu aliye ugenini, asije akaanguka peke yake mbele ya watu baki. Huandikwa, "Mgonjwa amezidiwa," na msomaji huelewa. Bi Lian alilijua hilo vizuri. Mumewe mwenyewe alipofia Manila, barua ilisema amezidiwa. Lakini hamu ya kumwona mtoto humsahaulisha mtu hata jina la babu yake.

Miezi miwili baadaye alikuwa juu ya paa akianika vipande vya viazi, kimoja shavuni, aliposikia kilio kutoka njia ya mashambani.

"Nani kafa?" alimpigia kelele jirani yake, Bi Chiok.

Bi Chiok alikinga macho kwa kiganja, akatazama, kisha akajishika mbavu. "Ni wewe, shoga! Shuka upesi, msiba wako umefika!"

Kweli. Wapagazi wanane na jeneza la mbao nyekundu. Nyuma yake mwanamume mnene, kavaa gunia la matanga, anatambaa kwa magoti kama impasavyo mwana aliyechelewa kumzika mama. Nyuma yake tena mwanamke mgeni mwenye msalaba shingoni, kamshika mkono msichana wa miaka saba hivi.

Bi Lian aliteleza ngazini, akajitupa kitandani, akajifunika gubigubi. Mwanawe aliingia akiomboleza, akapiga paji la uso sakafuni mara tatu. Msichana akasogea, akainua pembe ya blanketi.

"Baba," alisema, "marehemu anatafuna."

Siu Bok aliinuka polepole. "Mama!"

"Usiniite Mama!" Bi Lian aliketi, kiazi bado mdomoni. "Huyu ni nani mwenye masikio ya baba yako?"

"Ni... ni Bee Gim. Binti yangu. Na yule ni mke wangu."

"Mimi nimekufa mara tano, na wewe hujawahi kuniandikia kwamba nina mjukuu! Kumbe hiyo mwakani yako imeshaota meno!"

Mlangoni Bi Chiok alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo wote wakacheka, hata mke ambaye hakuelewa neno.

Walikaa siku kumi na mbili. Jeneza likapandishwa darini. Lakini asubuhi ya kuondoka Siu Bok hakuwa anacheka.

"Mama, siku itakapokuwa kweli, nitajuaje?"

Bi Lian aliinama akakaza fundo la mzigo wao. Mama mwenzangu unayesikia hadithi hii, kifo si cha kuitia watoto; ukikitumatuma, siku kikija chenyewe hakuna atakayetoka mlangoni.

Bee Gim ndiye aliyejibu. Alimvua bibi yake hereni moja ya jiwe la kijani, akaifunga kwenye leso. "Hii naenda nayo. Ya pili Bibi ataitia kwenye barua. Barua ya "amezidiwa" isiyo na hereni ni uongo."

"Isiyo na hereni sipandi meli," alisema Siu Bok.

Mwezi uliofuata Bi Lian aliburuta kigoda chake tena.

"Leo unakufa na nini?"

Mkono ulipanda wenyewe hadi sikioni. Hereni ingechomoka kirahisi tu. Miezi miwili, na wangekuwa mlangoni wote watatu. Mara moja, basi. Vidole vikazungusha jiwe, vikazungusha, mpaka wino ukaanza kukauka kwenye brashi ya Mzee Ngo.

"Andika sijambo," alisema. "Andika bata ametotoa. Andika nakula kupita kiasi."

"Hayo tu?"

"Na mjukuu wangu mwambie hereni bado iko sikioni."