Asiruke Mtu

Sauti ya Bi Wavu unaijua hata kama mwenyewe humjui. Kama umewahi kucheza ile michezo ya kukamata madubwana kwenye televisheni, basi kabla hujakamata hata mende, alikutokea getini mama mmoja wa aproni akakwambia: "Subiri, mwanangu. Dubwana halikamatwi kwa pupa. Kwanza mtazame macho." Akatoa kidubwana cha manyoya mfukoni, akakiachia, akakirushia wavu, akakufundisha na wewe. Halafu wewe ukaenda zako kuwa bingwa, yeye akabaki getini. Toleo la kwanza hivyo hivyo, la pili hivyo hivyo, na yote yaliyofuata.

Sura ya yule mama ni ya kuchorwa, lakini koo ni la jirani yetu, mlango wa pili kutoka bombani.

Na kila mchezaji akimwona tu, anabonyeza kitufe cha kuyaruka maneno yake. Mkwewe, fundi simu aliyemwoa binti yake wa pekee, alikuwa akimruka huku Bi Wavu mwenyewe amekaa pale pale kwenye kochi, anamenya karanga.

"Hata wewe, baba?"

"Maneno yako matamu, mama, ila madubwana yananisubiri."

Bi Wavu hakutaka makubwa. Alitaka siku moja tu watu watulie, wamsikilize mpaka mwisho.

Basi studio wakamwita kwa toleo jipya. Kazi ile, alivyotusimulia, hufanywa kama kipofu: unafungiwa kwenye kijichumba kilichopigwa magodoro ukutani, unapewa karatasi, picha huzioni, maana wachoraji wenyewe hawajamaliza kuchora. Safari hii karatasi ilikuwa na maneno yake ya siku zote, halafu chini yake sauti tupu. Shtuka. Kimbia. Anguka. Banwa koo. Mrekodi akawa anamwambia kutoka nyuma ya kioo, "Tena, mama. Vuta zaidi, kama vile pumzi inakatika."

Alirudi koo limekauka, uso unang'aa.

"Safari hii napigana!" akatangaza pale kwenye kamba za nguo. "Nani anapiga kelele vile kama hapigani?"

"Labda unajifungua," akasema Mama Pacha wa chumba cha kona. Huyu hajawahi kuzaa pacha. Tulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake unafanya kazi ya watu wawili.

Tukacheka, na Bi Wavu naye akacheka.

Aliyekuwa anaujua ukweli ni mkwe. Wenye mchezo walikuwa wamewauliza wachezaji: huyu mama wa getini tumfanyeje? Apewe duka, astaafu, au aliwe? "Aliwe" ikashinda kwa mbali. Mkwe alipiga kura kwa simu yake, akapiga tena kwa simu za wateja zilizokuwa mezani zinangoja vioo. Akamwambia mkewe. Mkewe akamwambia Mama Pacha, "Lakini usimwambie mtu," na hapo ni sawa na kumkabidhi kipaza sauti. Nguo hazijakauka kambani, ua mzima unajua, isipokuwa mmoja.

"Sasa nani atamwambia?" nikauliza.

"Mwacheni mama afurahi kwanza," akasema binti.

Tukamwacha afurahi. Habari tamu kama ile ukiiwahisha unaiharibu.

Toleo lilipotoka, mwenyewe ndiye aliyetualika sebuleni kwake kulitazama. Kila mtu aje na kigoda chake. Alipiga pasi gauni la harusi ya binti yake, akachemsha chai ya kutosha msiba, akapanga viti mpaka mlangoni. Wakaja hata wale aliogombana nao kwa ajili ya maji. Alishangaa kupendwa kiasi kile, masikini. Akakaa mbele kabisa, mikono mapajani.

"Leo asiruke mtu," akasema.

"Nani aruke, Bi Wavu!" Mama Pacha akajibu. "Leo tuko nawe mpaka mwisho."

Mkwe akawasha. Geti likatokea, aproni ikatokea. "Subiri, mwanangu. Dubwana halikamatwi kwa pupa." Sebule kimya, hata kijiko hakikugonga kikombe. Bi Wavu midomo ilikuwa inamcheza, anayafuata maneno yake, na machozi yanamlenga. Mama wa getini akatia mkono mfukoni mwa aproni. Mkono haukutoka. Mfuko ukavimba, ukafunguka meno, na kile kidubwana alichokifuga miaka yote kikaanza kumla kuanzia vidole. Hapo ndipo zikaja zile sauti za karatasini, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya pumzi kukatika. Kikabaki kiatu.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Mama Pacha akapiga ukelele, na sebule ikapasuka. Watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani.

Bi Wavu naye alicheka kidogo, macho hayabanduki kwenye kile kiatu. "Sasa hapa natoka tumboni, sivyo? Natoka, napigana."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, anajitazama kucha.

"Hutoki, mama," mkwe akasema kwa upole wote. "Ndiyo basi. Tulikupigia kura."

"Kura ya nini?"

"Rudisha!" watu wakadai. "Rudisha hapo!"

Mkwe akarudisha mwanzo. Geti, aproni, "Subiri, mwana..." na kidole chake, kwa mazoea, kikabonyeza kitufe. Maneno yakarukwa yote, tukatua moja kwa moja kwenye mfuko unaovimba. Kumbe kitufe bado kipo. Tukashangilia.

Bi Wavu akainuka. Akasimama mbele ya televisheni, gauni lake limeziba nusu ya kioo, akaanza kuyasema mwenyewe yale yaliyorukwa, kwa sauti ile ile ya getini: "Dubwana halikamatwi kwa pupa. Kwanza mtazame macho..."

"Bi Wavu, kaa chini!"

"...mtazame macho, mwanangu, usimwonyeshe..."

"Mama," binti yake akasema kutoka mlangoni, "hebu nyamaza kidogo. Hatukusikii unavyopiga kelele humo mchezoni."